Kuwashwa kwa korosho, samaki na upupu: FCER1A inahusika wapi?

Korosho zinapoanza kudondoka Tandahimba, Newala na Masasi, mkoani Mtwara, neno "aleji", yaani mzio, nalo huanza kusikika kila kona. Mama anayebangua korosho katoka malengelenge mikononi: aleji. Kijana kala jodari aliyeshinda juani, muda si mrefu uso umemuiva na moyo unamwenda mbio: aleji. Mtoto kaingia kichakani kuokota mabibo, karudi anajikuna mpaka analia kwa sababu ya upupu, naye anaambiwa ana aleji. Mzee anakumbuka alivyokuwa akiwashwa mwili mzima kila alipomeza klorokwini, na mpaka leo humwambia kila mhudumu wa zahanati kwamba dawa za malaria hazimpendi. Halafu yuko mtu wa tano, asiyeonekana mara nyingi, ambaye hutafuna punje moja ya korosho iliyokaangwa vizuri, na kabla hajaimaliza midomo inaanza kuvimba, koo linabana na kifua kinapiga miluzi.

Wote watano wanateseka kweli, hakuna anayejidekeza. Lakini kati yao ni huyu wa tano peke yake ambaye mateso yake yanapita katika protini inayotengenezwa na jeni ya FCER1A. Kumtenga na wenzake si ubishi wa wasomi. Yeye punje moja inaweza kumuua ndani ya nusu saa, ilhali mama mwenye malengelenge anaweza kula korosho kila siku ya maisha yake asipate hata chafya.

Jeni ambayo kila mtu anayo

FCER1A iko kwenye kromosomu namba 1, na kila binadamu ana nakala zake mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Nasisitiza hili la "kila binadamu" kwa sababu magazeti na mitandao hupenda kuandika juu ya "jeni ya mzio" kana kwamba wenye mzio wanayo na wengine wameikosa. Anayekula korosho bakuli zima na anayeanguka kwa punje moja wote wanayo, na mara nyingi haina tofauti yoyote ya maana baina yao.

Maelekezo ya jeni hii hutengeneza mnyororo wa asidi amino 257, yaani vipande vidogo vinavyoijenga protini. Zile 25 za mwanzo kazi yake ni kuielekeza protini kwenye utando wa seli, kisha hukatwa, zikabaki 232. Sehemu kubwa ya protini hukaa nje ya seli ikiwa imekunjwa mafundo mawili, kipande kifupi hupenya utando mara moja, na mkia mdogo hubaki ndani. Watafiti huiita mnyororo wa alfa.

Alfa haifanyi kazi peke yake. Hushirikiana na mnyororo wa beta, unaotoka kwenye jeni ya MS4A2 katika kromosomu 11, na minyororo miwili ya gama, inayotoka kwenye jeni ya FCER1G, ambayo ipo kromosomu 1 pia. Minne hiyo kwa pamoja ndiyo kipokezi kinachoandikwa FcεRI. Wamegawana kazi vizuri sana: alfa hushika kilicho nje lakini haiwezi kupeleka ujumbe wowote ndani, beta na gama hazishiki chochote nje, ila ndizo zinazoiamsha seli. Ukiondoa alfa, zilizobaki hazina habari na kinachoendelea nje.

Kipokezi hiki kimejaa kwenye seli masti, aina ya seli za kinga ambazo Paul Ehrlich alizieleza tangu 1878. Zimepangana chini ya ngozi, kwenye njia za hewa na kwenye utumbo, kandokando ya mishipa midogo ya damu, yaani kila mahali ambapo mwili unakutana na vitu vya nje. Kipo pia kwenye basofili, aina ya seli nyeupe zinazozunguka na damu. Kwa binadamu kuna toleo lisilo na beta linalokaa kwenye seli nyingine za kinga, lakini hilo tuliache.

Samaki wa Küstner kwenye ngozi ya Prausnitz

Sasa, alfa inashika nini? Kisa kinaanzia mwaka 1921 katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walifanya jaribio ambalo siku hizi hakuna kamati ya maadili ingelipitisha. Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa. Akimla tu, anavimba na kuwashwa. Prausnitz alikuwa hana shida na samaki. Wakachukua majimaji ya damu ya Küstner, wakayadunga kidogo kwenye ngozi ya Prausnitz. Kesho yake wakadunga mahali palepale maji yaliyochujwa kutoka kwa samaki. Ngozi ya Prausnitz ikatoka vipele vyekundu vya kuwasha, hapo tu palipodungwa damu ya mwenzake, kwingine kote shwari.

Samaki hakubadilika, na Prausnitz alikuwa yuleyule. Kilichohama ni kitu kilichokuwamo kwenye damu ya Küstner, na kitu hicho kilikuwa kinajua samaki ni nini. Kilichukua miaka 45 kukamatwa, maana kwenye damu ni kidogo mno, maelfu kwa maelfu ya mara chini ya kingamwili za kawaida, zile protini za kinga zinazonasa vitu vya kigeni. Mwaka 1966 Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wakiwa Denver, Marekani, walikitambua, na sehemu ya vipimo vyao walivifanya kwenye migongo yao wenyewe. Wakati huohuo, kule Uppsala, Sweden, S. G. O. Johansson na Hans Bennich walikifikia kwa njia nyingine, kupitia mgonjwa wa saratani ambaye seli zake zilikuwa zinamwaga kwa wingi kingamwili isiyofanana na yoyote iliyojulikana. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likapitisha jina moja: imunoglobulini E, kwa kifupi IgE.

Lakini kuna swali ambalo jaribio la 1921 liliacha wazi, na kwangu ndilo tamu zaidi. Kwa nini damu ile ilikuwa bado inafanya kazi kesho yake? IgE ikiwa kwenye damu, nusu yake huwa imepotea ndani ya siku mbili hivi, na iliyodungwa kwenye ngozi ilipaswa kusambaa na kwenda zake. Haikwenda kwa sababu ilidakwa. Seli masti za Prausnitz zilikuwa na vipokezi vyake mwenyewe, vilivyotengenezwa na FCER1A yake mwenyewe, navyo vikaishika IgE ya mgeni na kuing'ang'ania. IgE iliyoshikwa na kipokezi hiki hukaa hapo kwa wiki kadhaa.

Ndiyo maana si sahihi kusema FCER1A ni jeni ya mzio wa korosho, au wa samaki, au wa chochote. Mpini haujui kama utatiwa jembe la kulimia au shoka la kukatia mikorosho iliyozeeka. Alfa ni mpini. Makali yanaletwa na IgE, na IgE inatengenezwa na seli nyingine kabisa, kwa maelekezo ya jeni nyingine kabisa. Vipokezi vya Prausnitz vilikuwa havina kosa lolote. Vilitiwa makali ya mtu mwingine tu.

Mara ya kwanza ni kimya

Mtu wa tano hakuzaliwa akivimba kwa korosho. Siku fulani, pengine utotoni na pengine kupitia ngozi yenye vipele badala ya mdomoni, mfumo wake wa kinga ulikutana na protini za korosho ukazichukulia kuwa adui. Seli B zake zikaanza kutengeneza IgE dhidi ya protini hizo. IgE ikasambaa, ikashikwa na alfa kwenye seli masti mwili mzima. Siku hiyo hakuhisi kitu, wala mama yake hakuona kitu. Kwa hiyo anaposema "mbona mwaka jana nilikula na sikudhurika?", hasemi uongo, na wala hilo si ushahidi kwamba leo hana mzio.

IgE moja hukaa kwenye kipokezi kimoja, na ikikaa hivyo peke yake seli hutulia. Kinachowasha moto ni protini ya korosho yenye zaidi ya sehemu moja ya kushikika, inayokuja kuunganisha IgE mbili au zaidi zilizo jirani. Vipokezi vikishavutwa pamoja, vimeng'enya vilivyo ndani hubandika fosfati kwenye mikia ya beta na gama, kalsiamu hupanda ndani ya seli, na vifuko vilivyojaa histamini hupasukia nje. Yote hayo ni suala la dakika. Histamini hulegeza mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje, na hapo ndipo uvimbe, wekundu na presha kushuka vinapotokea. Huchokoza neva, mtu akawashwa. Hubana misuli ya njia za hewa. Nyuma yake huja kemikali nyingine zinazotengenezwa papo hapo, zikiwamo leukotrieni, ambazo hubana kifua zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko histamini yenyewe.

Hali hiyo ikikumba mwili mzima huitwa anafilaksisi. Mwaka 1993 kundi la watafiti wakiongozwa na Jean-Pierre Kinet walifuta jeni ya alfa kwenye panya, wakawapa IgE, kisha wakawapa kile ambacho IgE hiyo inakitambua. Panya wa kawaida walipata mshtuko. Waliokosa alfa hawakutikisika. IgE ilikuwapo, kichochezi kilikuwapo, seli masti zilikuwapo; kilichokosekana ni pa kushikia.

Wale wanne wengine

Turudi kwa mama wa malengelenge, maana ndiye anayeeleweka vibaya zaidi na ndiye aliye wengi katika mikoa hii.

Ganda la korosho lina mafuta mazito ya rangi ya kahawia yenye asidi ya anakadi, kadoli na kadanoli. Mafuta hayo yanaunguza ngozi moja kwa moja, kama kemikali nyingine kali, na kwa kiasi hicho kinga ya mwili haina hata sehemu. Wabanguaji wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Ndiyo sababu wengine hupaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza kazi. Ila kwa baadhi ya watu kuna jambo la pili. Molekuli za mafuta hayo ni ndogo, hupenya ngozi na kujibandika kwenye protini za mwili wenyewe. Seli T, kundi jingine la seli za kinga, zinaziona protini hizo zilizobadilika, zinazishambulia, na baada ya siku moja hadi tatu ngozi inatoka upele, inavuja maji na kuwasha vibaya. Huo ni mzio, sawa, lakini ni mzio wa seli T. Hauna IgE ndani yake, hauna histamini ya kutosha kuzungumzia, na FCER1A haihusiki. Utomvu wa embe unaochubua watoto pembeni ya midomo ni ndugu wa jambo hilihili, kwa kuwa mwembe na mkorosho ni wa familia moja ya mimea.

Muuguzi makini humtambua mama huyu kwa swali moja. "Na ukizila je, mama?" Naye hujibu kwa mshangao: "Nazila kila siku, mwanangu, hazinifanyi kitu." Hapo jibu limepatikana. Protini zinazoamsha IgE ziko kwenye punje. Mafuta yanayounguza yako kwenye ganda. Mtu anaweza kuwa na tatizo la kimoja bila kingine.

Ganda likichanganyika na punje, hata mlaji wa mbali hupata habari zake. Mwaka 1982 huko Pennsylvania, Marekani, timu za watoto za mchezo wa besiboli ziliuza pakiti za korosho kuchangisha fedha, na watu 54 wakatoka upele siku kadhaa baada ya kula. Baadhi ya pakiti zilikutwa na vipande vya maganda. Korosho zenyewe zilikuwa zimetoka Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Ukiangalia kwamba upele ulichukua siku na si dakika kujitokeza, unajua mara moja kwamba si kazi ya kipokezi chetu.

Kijana wa jodari ana kisa kingine kabisa, na ni kisa cha kukwaza akili kidogo, kwa sababu ana dalili zilezile za histamini. Jodari, vibua, nguru na jamii zao wana asidi amino ya histidini kwa wingi kwenye nyama. Samaki akikaa kwenye joto la pwani bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Kijana hakuitoa histamini kwenye seli zake; ameinunua na kuila. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na kumrudisha samaki kwenye barafu baada ya kuharibika hakuiondoi pia. Dawa za kupunguza histamini humsaidia, na hapo ndipo anapoaminishwa kwamba ana mzio wa samaki maisha yake yote, akaacha kitoweo cha bure bila sababu. Mtaalamu anatakiwa kuuliza: waliokula naye sinia moja wako wapi? Wakiwa wamekumbwa watatu kati ya wanne, mwenye makosa ni samaki. IgE ni mali ya mtu mmoja mmoja, haiambukizwi kwa kula pamoja.

Upupu tuupitie haraka. Manyoya yake yana kimeng'enya kinachochokoza neva za ngozi moja kwa moja, ndiyo maana vidonge vya kawaida vya kuzuia mwasho havifanyi kitu cha maana. Klorokwini nayo, ambayo Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, iliwasha watu wengi kwa kuamsha kipokezi kingine kilichoko kwenye neva, kiitwacho MRGPRX1. Na ili mambo yasiwe mepesi kupita kiasi, seli masti nazo zina ndugu wa kipokezi hicho, MRGPRX2, anayeweza kuzifanya zimwage histamini bila IgE wala alfa. Dawa kama vankomisini na siprofloksasini hupita njia hiyo. Kwa hiyo hata histamini iliyotoka kwenye seli masti si uthibitisho kwamba FCER1A imehusika.

Korosho inayoua

Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi husafirishwa na maganda yake kwenda India na Vietnam, hubanguliwa huko, na huishia kwenye pakiti za maduka ya Ulaya na Marekani zenye onyo kwa maandishi mazito. Wengine huku hucheka onyo hilo. Wasicheke. Punje ya korosho ina protini tatu zinazojulikana sana kwa wanaochunguza mzio, zikiitwa Ana o 1, Ana o 2 na Ana o 3. Hii ya tatu ni ndogo na ngumu, haivunjwi kirahisi na joto wala na tindikali ya tumbo, na IgE dhidi yake ndiyo hutabiri vizuri zaidi kwamba mtu atadhurika kweli. Wenye mzio wa korosho wengi wao hawawezi kula pistashio pia, aina nyingine ya njugu, kwa undugu uleule wa mimea.

Dalili huanza ndani ya dakika chache, kwa kawaida si zaidi ya saa mbili: mdomo kuwasha, vipele mwilini, midomo na kope kuvimba, kutapika, sauti kukauka, kifua kubana, kizunguzungu. Zikiunganika mbili au tatu kutoka sehemu tofauti za mwili, au pumzi ikianza kusumbua, dawa ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, mapema. Piriton au setirizini ni nzuri kwa mwasho na vipele vya ngozi, lakini hazifungui koo wala hazipandishi presha. Histamini ikishatoka imetoka, na imeshaleta wenzake. Adrenalini haihangaiki na kipokezi cha IgE, inabana mishipa iliyolegea na kufungua njia za hewa zilizofunga. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa juu, isipokuwa kama anashindwa kupumua, hapo akae. Asisimamishwe na kutembezwa "apate hewa". Kumsimamisha ghafla mtu mwenye presha iliyoanguka ni hatari, na ni kosa linalofanywa kwa nia njema.

Ilikuja kufanya nini?

Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioueneza katika karne ya 16. FCER1A ni ya zamani kupita kiasi ukiilinganisha na hapo, na panya tunayeshiriki naye babu wa mbali sana ana ya kwake. Mwili haukuihifadhi muda wote huo ili ije itusumbue na korosho.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni minyoo. Mtu mwenye kichocho, safura au minyoo ya matende huwa na IgE nyingi mno kwenye damu, na sehemu yake inawalenga minyoo hao. Ukanda wa pwani kuanzia Kilwa kushuka mpaka Mikindani unayajua matende na mabusha kwa karne nyingi, na kampeni za kugawa ivamektini na albendazoli zimepita hapa mwaka baada ya mwaka. Mnyoo ni mkubwa mno kumezwa na seli nyeupe, kwa hiyo mwili humtoa kwa kumwaga maji, makamasi, kubana misuli, kuharisha, kukohoa, kujikuna. Ukizitazama hizo zote ni dalili za mzio, zikielekezwa mahali panapostahili. Kuna dhana nyingine pia, kwamba mfumo huu hutukinga na sumu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba panya waliowahi kuonja sumu kidogo ya nyuki walistahimili dozi kubwa baadaye, na kinga hiyo haikupatikana kwa panya waliokosa alfa. Binafsi naona dhana hizi mbili hazigombani.

Minyoo inaleta tatizo la vipimo ambalo kwa Lindi na Mtwara lina uzito kuliko mjadala wowote wa jeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa shule nchini Ghana ulikuta baadhi yao wana IgE ya karanga kwenye damu, hasa wale wenye kichocho, ilhali karanga walikuwa wanakula na kucheza. IgE ile ilikuwa inalenga aina za sukari zilizopo kwenye mimea na kwa vimelea pia. Iliishika karanga kwa ulegevu, ikashindwa kuviunganisha vipokezi, seli zikatulia. Karatasi ya maabara ilisema "chanya". Mtoto alisema "niongeze". Mtoto wa kwetu aliyekulia kando ya maji yenye konokono wa kichocho akipimwa IgE na kukutwa na "mzio" wa vyakula kumi na mbili, mwenye busara atamuuliza kwanza mama yake ni kipi kati ya hivyo kimewahi kumdhuru, na baada ya muda gani, kabla ya kumnyima mtoto chakula.

Upande wa pili, kule Gabon mwaka 2000 ilionekana kwamba watoto wenye kichocho ngozi zao haziitikii sana vidudu vya vumbi la nyumbani, na watafiti walihusisha hali hiyo na interleukini-10, kemikali ya kutuliza kinga ambayo mnyoo huichochea ili asifukuzwe. Wapo waliorukia hapo na kusema basi tubaki na minyoo. Aliyewahi kumwona mtoto akikojoa damu hawezi kusema hivyo.

Tofauti za mtu na mtu

Je, FCER1A haitofautiani kabisa? Inatofautiana kidogo. Mwaka 2008 uchunguzi wa jenomu nzima kwa watu zaidi ya 1,500 wa kusini mwa Ujerumani ulikuta kwamba tofauti za herufi mojamoja za DNA ndani na karibu na jeni hii zinaendana na kiwango cha jumla cha IgE kwenye damu. Baadhi ziko kwenye promota, kipande kinachoamua jeni isomwe kwa nguvu kiasi gani. Lakini kiwango cha jumla cha IgE hakikuambii mtu atadhurika na nini, na wala kama atadhurika. Zaidi ya hapo, idadi ya vipokezi haiamuliwi na jeni peke yake: IgE ikiwa nyingi, vipokezi vilivyoshikwa hudumu juu ya seli na kuongezeka, ikipungua, vilivyo vitupu huvutwa ndani na kuvunjwa. Anayeuza kipimo cha jeni cha kukutajia mzio wako anauza zaidi ya alichonacho.

Kinachoonekana kuwa na nguvu kubwa ni jinsi mtoto anavyokutana na chakula kwa mara ya kwanza. Katika jaribio la LEAP lililofanyika London na kuchapishwa 2015, watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari ya mzio waligawanywa: nusu walilishwa karanga mapema, nusu walikatazwa. Walipofika miaka mitano, waliolishwa wenye mzio wa karanga walikuwa asilimia 3.2, na waliokatazwa asilimia 17.2. Hiyo ni karanga, si korosho, lakini iliupindua ushauri wa miaka mingi wa kuwaficha watoto vyakula hivi. Uji wenye unga wa karanga, ambao bibi wengi wa kusini waliupika bila kusubiri jaribio lolote, haukuwa upuuzi. Punje nzima tu ndiyo asipewe mtoto mdogo, maana humkaba.

Kuhusu tiba, dawa iitwayo omalizumabu huidaka IgE kwenye damu hasa mahali pale ambapo ingeshikwa na alfa, ikakosa pa kukaa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa pumu, na Februari 2024 kwa mzio wa chakula. Ndani ya miezi michache vipokezi kwenye basofili hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Katika jaribio lililotangulia idhini ya 2024, asilimia 41 ya waliopewa dawa waliweza kuvumilia gramu moja ya protini ya korosho, dhidi ya asilimia 3 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Haifuti mzio na haigusi jeni. Sindano hutolewa kila baada ya wiki mbili au nne kwa bei ambayo wakulima wengi wa korosho hawaiwezi, na zikisitishwa IgE hupanda tena, vipokezi navyo vikarudi.